Nani Alilipa? Historia ya Bei ya Kulala Serengeti

Agosti iliyopita familia yetu ilifika lango la Ikoma, magharibi mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, saa nne asubuhi. Tulikuwa saba ndani ya gari moja: wazazi wawili, watoto watatu waliozaliwa hapa Uingereza, mjomba wao aliyekuwa akiendesha, na Bibi, mkazi wa Mugumu tangu azaliwe. Tulibeba mahema ya kuazima, jiko la gesi, mchele, maharage na madumu ya maji. Tulikusudia kulala usiku mmoja Seronera, katikati ya hifadhi, kwenye kambi ya kawaida isiyo na uzio.

Kijana wa dirishani alitupokea vizuri, akaomba vitambulisho vyetu, kisha akavigawa mafungu mawili juu ya meza. Fungu la kwanza lilikuwa la Bibi, la mjomba na la yule mmoja wetu ambaye bado ana pasipoti ya Tanzania. Hao walipigiwa hesabu kwa shilingi. Fungu la pili lilikuwa la watoto na la mzazi aliyekwisha kuchukua uraia wa Uingereza. Hao walipigiwa hesabu kwa dola.

Mtoto wetu wa kati, mwenye miaka kumi na miwili, alisoma karatasi ile mara mbili. Kisha akauliza kwa sauti, "Kwa nini Bibi ni bei rahisi kuliko mimi?"

Watu wote kwenye foleni walicheka. Bibi naye alicheka, lakini jibu lake halikuwa la mzaha. Alisema, "Mimi si rahisi, mjukuu wangu. Sisi tulishalipa zamani."

Tumeandika makala haya kwa ajili ya jibu hilo. Kila mwaka tunapokutana ukumbini kusherehekea tarehe 9 Desemba, tunawaimbia watoto wetu Uhuru na tunawapikia pilau ya Uhuru, ila mara chache tunawaeleza Uhuru ulibadilisha nini katika jambo moja wanaloweza kulishika mkononi. Karatasi ya malipo ya lango la Ikoma ni jambo la namna hiyo.

Karatasi yenyewe inasema nini

Kwa viwango vya miaka ya karibuni, mtu mzima asiye raia wa Afrika Mashariki hulipa dola 70 kuingia Serengeti msimu wa watalii wengi, na dola 30 kupiga kambi usiku mmoja kwenye kambi ya umma. Ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, jumla ni dola 118. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 hulipa dola 20 kuingia na dola 5 kupiga kambi. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa shilingi za Tanzania 10,000 kuingia na 5,000 kupiga kambi, yaani 17,700 pamoja na kodi.

Kwetu sisi, watu wanne wa fungu la dola walifikia dola 295: mzazi mmoja, kijana wa miaka kumi na saba anayehesabiwa mtu mzima, na wadogo wawili. Watu watatu wa fungu la shilingi walifikia shilingi 53,100. Tukikadiria dola moja kuwa shilingi 2,500, mtu mzima mmoja wa dola aliwalipa watu wazima zaidi ya kumi na sita wa shilingi. Na wote walikuwa wanakwenda kulala kwenye nyasi zile zile na kusikiliza fisi wale wale.

Ili kuelewa tofauti hiyo ilikotoka, inabidi turudi nyuma kabla ya shilingi na kabla ya dola.

Waliolala bila karatasi

Jina Serengeti latokana na neno la Kimaasai, siringet, lenye maana ya uwanda usio na mwisho. Wamaasai walichunga na kulala huko, na mpaka leo kwenye majabali ya Moru, kusini mwa Seronera, kuna michoro ya ngao zao ukutani mwa mwamba. Upande wa magharibi walikuwako Waikoma, Wanata, Waikizu na wengineo, waliokuwa wakulima, warina asali na wawindaji. Wawindaji wa huko waliwafuata nyumbu kila walipopita, wakala nyama, na mikia wakawauzia Wasukuma.

Baba yake Bibi alikuwa mmoja wao. Bibi anakumbuka akiondoka nyumbani na wenzake, kila mtu na upinde wake na kibuyu cha uji, na kurudi baada ya siku nyingi. Walilala porini chini ya miti na kuwasha moto. Katika lugha ya leo tungesema walikuwa wakipiga kambi, ila hakuna aliyewatoza chochote na hakuna aliyewaita watalii.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walichukua utawala wa Tanganyika kutoka kwa Wajerumani. Wawindaji wa kizungu waliokuja na leseni na bunduki walikuwa wameua simba kwa wingi kiasi cha kuitia serikali hofu. Mwaka 1921 sehemu ndogo ya Serengeti ikawekewa ulinzi, na mwaka 1929 eneo kubwa zaidi likatangazwa kuwa pori la akiba. Tangu hapo mtu mwenye upinde alianza kuitwa jina jipya: jangili. Njia ilikuwa ile ile, mti wa kulalia ulikuwa ule ule, nyumbu walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni sheria.

Mwaka 1951, hifadhi mbili

Watoto wetu wanaosoma shule za hapa watapenda kulinganisha jambo hili. Sheria ya Hifadhi za Taifa ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1948, na Serengeti ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwaka huo huo wa 1951, Uingereza nayo ilitangaza hifadhi yake ya kwanza ya taifa, Peak District, ambako shule nyingi za huku huwapeleka watoto kupiga kambi.

Kwa hiyo Taji lilikuwa moja na mwaka ulikuwa mmoja. Lakini hapa Uingereza watu waliachwa katika vijiji vyao. Mji wa Bakewell umo ndani ya hifadhi hadi leo, na wakulima wanafuga kondoo humo humo. Hakuna lango wala ada ya kuingia; unalipia maegesho na mahali pa kuweka hema. Wala hilo halikuja kwa hisani tu. Mwaka 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa Manchester, walipanda kilima cha Kinder Scout bila ruhusa ya wenye ardhi, na baadhi yao wakafungwa jela. Hifadhi ya Peak District ilizaliwa katika nchi ambayo raia wa kawaida walikuwa na kura, na walidai kufunguliwa milango.

Tanganyika haikuwa na kura hiyo. Mwanzoni Wamaasai waliambiwa wangeweza kuendelea kukaa ndani ya Serengeti, ambayo wakati huo ilijumuisha pia nyanda za Ngorongoro. Ahadi hiyo haikudumu. Mwaka 1954 kilimo kilipigwa marufuku ndani ya hifadhi, mivutano ikaongezeka, na tume zikaundwa. Mwaka 1958 wazee kumi na wawili wa Kimaasai waliweka saini mkataba wa kuondoka Serengeti ya magharibi. Mwaka 1959 eneo likagawanywa: Serengeti ikawa hifadhi isiyo na wakazi, na Ngorongoro ikawa eneo ambalo watu, ng'ombe na wanyamapori wangekaa pamoja. Walioondoka waliahidiwa maji na haki ya kuishi huko. Mabishano juu ya haki hiyo hayajaisha hadi leo.

Mgawanyo huo unaonekana hata mfukoni. Anayetoka Arusha kwenda Serengeti hupita ndani ya Ngorongoro, kwa hiyo barabara moja ina mamlaka mbili na ada mbili. Sisi tuliotokea Mugumu tuliepuka ada ya pili, na anayetokea Mwanza au Musoma kupitia lango la Ndabaka huiepuka pia.

Ng'ombe waliochanjwa

Miaka hiyo hiyo alifika Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, wakawahesabu wanyama kwa ndege ndogo iliyopakwa mistari kama punda milia. Michael alikufa ndege hiyo ilipoanguka Januari 1959, akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Filamu yao iliifanya Serengeti ijulikane duniani, na ndiyo iliyowafundisha watu wengi wa Ulaya kutamani kulala huko.

Lakini filamu haikueleza kila kitu, na hapa turuhusiwe kusema kama watu wa hospitali. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe na nyumbu wasio na idadi, na uliendelea kuwasumbua nyumbu kwa miongo mingi. Dawa yake haikupelekwa kwa nyumbu; waliochanjwa ni ng'ombe wa wafugaji waliozunguka hifadhi. Ng'ombe walipokingwa, ugonjwa ukakosa njia ya kuingia porini, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ukatoweka kwa nyumbu. Kutoka takriban robo milioni, nyumbu wakaongezeka hadi kuzidi milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970.

Kila muuguzi anajua kwamba chanjo ya mmoja humkinga asiyechanjwa. Msafara wa nyumbu ambao watu hulipa dola kuuona ulinenepa kwa sababu ng'ombe wa majirani walichanjwa. Majirani hao ndio walewale walioambiwa kwamba mifugo yao ni tatizo la hifadhi. Huo nao ni mchango usioandikwa kwenye karatasi ya malipo.

Ahadi ya Septemba 1961

Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya bendera ya Tanganyika kupandishwa, wahifadhi kutoka nchi nyingi walikutana Arusha. Wengi wao walikuwa na hofu moja ambayo hawakuisema waziwazi: Waafrika wakijitawala, wanyama watakwisha. Mwalimu Julius Nyerere aliwajibu kwa tamko linaloitwa hadi leo Tamko la Arusha la wanyamapori. Alikubali, kwa niaba ya nchi, kuwatunza wanyama hao kwa ajili ya wajukuu zetu. Lakini aliongeza jambo ambalo watu husahau: kazi hiyo inahitaji utaalamu, watu waliofunzwa na fedha, na Tanganyika ilitazamia mataifa mengine yasaidie.

Hunukuliwa pia kuwa Mwalimu alisema yeye binafsi hakuvutiwa na kutumia likizo yake kuwatazama mamba, ila aliamini kwamba baada ya almasi na mkonge, wanyamapori wangekuwa chanzo kikubwa cha mapato ya nchi. Alizungumza kama baba mwenye nyumba kubwa na watoto wengi wa kusomesha.

Kwa macho yetu, mbegu ya karatasi ya lango la Ikoma ilipandwa siku hiyo. Mwenyeji atatoa ardhi na ulinzi, na mgeni atatoa fedha. Mwaka 1963 chuo cha Mweka kilifunguliwa Kilimanjaro kuwafunza Waafrika uhifadhi, na nafasi zilizokuwa za wageni zikaanza kushikwa na vijana wetu. Mtoto wa mtu aliyeitwa jangili aliweza sasa kuwa mhifadhi. Huo ni Uhuru, ingawa haukumrudishia baba yake pori.

Wageni walipokosekana

Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Watalii wengi wa Serengeti walikuwa wakitokea Nairobi, na ghafla hawakuja tena. Ikafuata vita ya Uganda, kisha miaka ya uhaba ambayo wazazi wetu wanaikumbuka kwa foleni za sukari na sabuni. Hifadhi nazo zilikosa magari, vipuri na mafuta ya doria. Majangili wa kweli, wenye bunduki na wanunuzi wa pembe na meno ya tembo, wakapata nafasi. Faru wa Serengeti karibu waishe. Waliobaki wachache walilindwa kwenye majabali ya Moru. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983, lakini hali ilichukua muda kutengemaa.

Tunakumbusha miaka hiyo kwa sababu tumewahi kusikia vijana wetu wakisema ada ziondolewe kabisa, kama ilivyo Peak District. Kondoo wa Peak District hawawindwi kwa ajili ya pembe. Serengeti ni kilomita za mraba 14,763, na kulinda eneo hilo usiku na mchana kunahitaji askari, magari, mafuta na mishahara. Isitoshe, ni hifadhi chache tu za Tanzania zinazojitosheleza, kama Serengeti na Kilimanjaro, na fedha zake ndizo zilizobeba hifadhi nyingine ambazo wageni hawafiki. Dola ya anayelala Seronera inalinda pia misitu na mabonde ambayo hatayaona kamwe.

Tunaolipa dola

Sasa tuzungumze kama wenyewe kwa wenyewe. Katika vikao vyetu huku, suala hili huchemsha watu. "Nimezaliwa Tarime, nimesoma Mwanza, nimejenga kwetu, kwa nini nilipe kama Mzungu?" Swali hili lina uchungu, na sisi tumeusikia uchungu huo pale dirishani, tulipoona vitambulisho vya nyumba moja vikiwekwa mafungu mawili.

Lakini sheria ya lango hufuata uraia, haifuati damu wala rangi. Mkenya na Mganda hulipa shilingi kwa sababu Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa, mkataba wake ukatiwa saini Novemba 1999. Tanzania hairuhusu uraia pacha, na aliyechukua pasipoti ya hapa, kwa sababu za kazi au za watoto, anahesabiwa mgeni. Suala la hadhi maalumu kwa diaspora limefika hadi Bungeni, na sisi ni miongoni mwa wanaotaka litufikie hata langoni. Tuendelee kulidai kwa heshima.

Tukidai, tusisahau lile neno la Bibi. Dola 295 kwa familia yetu ni mshahara wa zamu mbili hivi za usiku baada ya makato. Zinauma, ila zinalipika. Shilingi 17,700 kwa mkulima wa Mugumu ni vibarua vya siku kadhaa, na hata akiwa nazo, hana gari la kumfikisha kambini. Bibi amezeeka jirani na hifadhi hiyo. Aliwahi kuivuka akiwa ndani ya basi la Arusha, akawaona twiga dirishani. Lakini hakuwahi kulala humo hata siku moja mpaka Agosti hiyo, wajukuu wake walipokuja kutoka Uingereza.

Kwa hiyo waliolipa ni wengi. Wa kwanza walilipa kwa ardhi na kwa njia zao, na hawakupewa risiti. Wa pili, majirani wa leo, wanalipa kwa mashamba yanayokanyagwa na tembo. Wa tatu ni sisi na wageni wengine, tunaolipa kwa dola na kurudi nyumbani na picha. Bei ndogo ya Bibi si punguzo. Ni kumbukumbu kidogo ya deni lililolipwa kabla yetu, na bado ni kidogo mno.

Usiku wa Seronera

Jioni ile tulipika kwenye jengo la jikoni la kambi, lenye nyavu za chuma za kuzuia nyani na fisi, huku familia kutoka Kenya na vijana wa Kijerumani wakipika mezani jirani. Tuliwaonya watoto wasitoke hemani usiku bila mtu mzima. Baada ya chakula Bibi aliomba aletewe kiti nje. Aliwaonyesha wajukuu upande jua lilikozama na kusema kwamba baba yake alikuwa akija kutoka kule, kwa miguu. Mtoto wa kati akamuuliza kama babu yake mkuu alilipa kuingia.

"Hakulipa," Bibi alijibu. "Baadaye akakatazwa. Leo mmenilipia nyinyi. Sasa tumerudi."

Hatukulala sana. Simba waliunguruma mbali kidogo kabla ya alfajiri, na kila hema likawa kimya kama wodi saa tisa za usiku, wakati kila aliye macho anasikiliza pumzi za wenzake. Asubuhi tulimkuta mtoto wa kati amelala kwenye hema la Bibi, ameshika kanga yake.

Ombi letu kwa familia za chama hiki ni dogo. Mnapopanga safari ya nyumbani, msiishie harusini na sokoni. Wekeni akiba, angalieni viwango vya mwaka husika kabla ya kusafiri maana hubadilika, azimeni hema, na mlale hata usiku mmoja kwenye hifadhi iliyo karibu na kwenu, iwe Serengeti, Mikumi au Saadani. Na kwenye gari acheni nafasi ya bibi au babu wa kijijini ambaye hajawahi kufika. Mlipieni yeye kwanza. Watoto wakiuliza kwa nini bei zao hazilingani, wasimulieni.

Tunawatakia nyote heri ya sikukuu ya Uhuru.